Nani akutane na nani: sheria zilivyowaumba wafanyabiashara wa pwani yetu

Tuliosoma historia sekondari tulikariri njia za misafara: ya kusini kutoka Kilwa, ya kati kutoka Bagamoyo, ya kaskazini kutoka Pangani, Tanga na Mombasa. Tulikariri na bidhaa zake. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki zilipanda bara. Kwenye mtihani hayo yalitosha. Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo mwalimu hakutuuliza na sisi hatukumuuliza. Pembe ilikuwa na bei nafuu zaidi Bagamoyo kuliko Unguja, na kati ya miji hiyo miwili ni safari fupi ya dau. Kwa nini basi Mzungu aliyezunguka nusu ya dunia na shehena ya nguo alikaa Unguja kungoja aletewe pembe kwa bei ya juu, badala ya kuvuka mkondo ule akainunue mwenyewe?

Jibu limo katika sheria. Kadiri ninavyozidi kuisoma historia ya biashara ya pwani ndivyo ninavyoamini kwamba tumeitazama sheria kwa jicho moja tu, jicho la kodi. Mtawala anayeandika sheria ya biashara huamua pia nani akutane na nani, wakutanie wapi, na nani asimame katikati yao. Aliyesimama katikati ndiye tunayemwita tajiri.

Turudi nyuma kwanza. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu akaandika alichokiona bandarini. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alipanda chomboni, akamkabidhi sinia mfanyabiashara mmoja na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni alifikia nyumbani kwa kijana yule, labda awe ameshazoea mji na kujuana na watu wake. Huyo alifikia anakotaka. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni mali yake na ndiye aliyemnunulia alichohitaji. Na aliyemlalia mgeni kwa bei ya kunyonya, au aliyefanya naye biashara bila mwenyeji kuwapo, mapatano yake yalihesabiwa batili.

Ukiitazama haraka utadhani ni ukarimu tu. Ukarimu ulikuwamo, lakini fikiria shida ya mfanyabiashara wa bahari. Kaskazi imemleta, kusi itamrudisha, na katikati ana miezi michache tu. Hajui bei ya mji, hajui nani mlipaji na nani mkwepaji, na akikopesha leo hatakuwapo siku ya kudai. Mwenyeji anabaki. Ana nyumba, ana jamaa, ana jina la kulinda. Mji ulichukua desturi ya kumpokea mgeni ukaipa nguvu ya sheria, ukapata dalali, mdhamini na shahidi katika mtu mmoja. Mimi naihesabu hii kuwa moja ya sheria za biashara zenye akili kuliko zote zilizopata kutumika mwambao huu, na haikuhitaji polisi hata mmoja.

Safari hiyohiyo Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyu ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba ambalo magofu yake bado yako juu ya mwamba kisiwani, likiwa na vyumba vya kuishi upande mmoja na ua mkubwa wenye ghala upande mwingine. Mtawala na bohari chini ya paa moja. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu. Kilwa haikuchimba dhahabu. Ilichokuwa nacho ni nafasi yake njiani, na nguvu ya kuilinda nafasi hiyo.

Wareno walikuja kuichukua nafasi hiyo kwa mizinga. Vasco da Gama alipita 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaivamia Kilwa, kisha akaiteketeza Mombasa, na mwaka huohuo ngome ikaanza kujengwa Sofala. Baada ya mizinga ilikuja karatasi. Iliitwa kartazi, yaani kibali cha kusafiri baharini. Chombo kisichokuwa nacho kingeweza kukamatwa na mali yake kuchukuliwa. Ada yake haikuwa kubwa. Uzito ulikuwa katika masharti: usibebe bidhaa ambazo mfalme wa Ureno amejiwekea mwenyewe, na upitie bandari inayoshikwa na Wareno ulipe ushuru huko. Bahari ambayo haikuwahi kuwa na mwenyewe ikapata mlango, na mlango ukapata bawabu.

Wafanyabiashara Waislamu hawakukaa kulia. Wengi walihamia Angoche, kusini ya Kisiwa cha Msumbiji, wakafungua njia ya kuingia bara kupitia bonde la Zambezi, na dhahabu iliyotarajiwa Sofala ikapungua mwaka hata mwaka. Ngome ilikuwapo, sheria ilikuwapo, mzigo umepita kwingine. Utawala wa Wareno kaskazini ya Ruvuma ulivunjika Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698.

Sasa tufike Unguja, kwenye swali letu.

Seyyid Said bin Sultan alitawala Oman tangu 1806 hadi alipofariki 1856, na katika miaka ya 1830 aliufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, alitia saini mkataba na Marekani, iliyowakilishwa na Edmund Roberts. Wamarekani waliruhusiwa kuingia bandari zake na kuuza watakacho, na ushuru wao ukafungwa kwenye asilimia 5 ya thamani ya mali waliyoishusha, bila tozo nyingine. Bunduki na baruti ziliwekewa mpaka: kwa upande wa Unguja zisiuzwe kwa mtu mwingine ila serikali. Mkataba huo ndio uliotuletea kwa wingi nguo ya pamba iliyofumwa New England, Marekani, na kusafirishwa na meli za Salem, bandari ya huko. Watu wa hapa wakaiita merikani, na bibi zetu wameiita hivyo hadi juzi.

Asilimia 5 ilikuwa rahisi, na ilipangwa iwe rahisi ili meli zije. Lakini Sultani aliyejifunga hivyo kwa wageni angepata wapi fedha za kuendesha dola? Hapa ndipo fundo lilipo. Alizipata kwenye kile kipande kifupi cha maji kati ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja, na Unguja yenyewe. Pembe iliyotoka bara ilitozwa ushuru kwa frasila, kipimo cha uzito cha siku hizo, ilipofika pwani, kabla haijafika mikononi mwa mnunuzi wa kigeni, na kiwango kilitofautiana kulingana na ilikotoka. Mlipaji wa ushuru huu alikuwa raia wa Sultani au Mnyamwezi aliyeshuka na mzigo wake, na mkataba haukusema lolote juu yao. Sasa Mzungu akiruhusiwa kununua Bagamoyo na kupakia moja kwa moja, ushuru ule unayeyuka, na Unguja inabaki kisiwa cha minazi.

Mkataba wa 1833 ulikuwa umeacha tundu hilo wazi, kwa kuwa ulitaja bandari zote. Alipofanya mkataba na Uingereza mwaka 1839, Seyyid Said aliliziba. Kifungu maalumu kiliweka akiba, yaani kiliwafungia wageni, biashara ya pembe na sandarusi (utomvu wa miti wa kutengenezea vanishi) ya pwani ya kuanzia Mtangata, kusini kidogo ya Tanga, hadi Kilwa. Kipande hicho ndicho Mrima wenyewe, mlango wa njia ya kati. Mwingereza angeweza kununua kote kwengine, lakini pale pembe na sandarusi zilipokuwa nyingi asiguse. Wamarekani, ambao kwa maandishi walikuwa na haki pana zaidi, walikuta mambo ya Unguja yameshapangika kiasi kwamba kukaa na kungoja kuliwalipa kuliko kugombana.

Aliyeyapanga ni mkodi wa forodha. Sultani hakuwa na jeshi la makarani, kwa hiyo aliikodisha forodha kwa muda maalumu. Mkodi aliahidi kiasi fulani kila mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Tangu katikati ya miaka ya 1830 mkodi huyo alikuwa Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia kutoka Kachi, India, na nyumba yake ya biashara iliishika forodha kwa miaka mingi. Ladha Damji akaisimamia baada ya Jairam kurudi India. Mnamo miaka ya 1860 kodi ya forodha ilikuwa imepita riyali 300,000 kwa mwaka, zile riyali za fedha zenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780 usiobadilika.

Jiweke katika viatu vya nahodha wa Salem aliyetia nanga mbele ya mji. Mtu anayekadiria thamani ya shehena yako ndiye mtu huyohuyo mwenye maelewano na wenye pembe, mwenye sauti juu ya mashua za kushushia mizigo na mahamali wanaoibeba, na mwenye fedha za kumkopesha yeyote mjini, akiwamo Sultani mwenyewe. Unamkwepaje? Richard Waters, balozi wa kwanza wa Marekani Unguja, aliyefika 1837 akiwa mwenyewe mfanyabiashara, hakumkwepa. Alifanya naye maelewano ya karibu, na wafanyabiashara wenzake waliobaki nje ya maelewano hayo walinung'unika sana. Kwa hiyo jibu la swali letu lina sehemu mbili, kifungu cha sheria kwa Mwingereza na mtu wa forodha kwa Mmarekani, na zote mbili zilitoka kwenye mkono mmoja wa Sultani. Mkono huo nao ulikuja kufungwa: kina Jairam walimkopesha mtawala mwaka hata mwaka, mpaka warithi wa Seyyid Said wakajikuta wanadaiwa na nyumba hiyo mamia ya maelfu ya riyali.

Bara nako kulikuwa na watawala na sheria zao, jambo ambalo hadithi za misafara hupenda kulipita. Msafara uliopanda kutoka pwani ulivuka Marenga Mkali, nchi ya maji machungu, ukatokea Ugogo na wapagazi wenye kiu. Mbele yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori refu lisilo na chakula. Kwa hiyo Ugogo ilikuwa lazima wanywe, lazima wanunue nafaka. Watemi wa Wagogo walilijua hilo na kutoza hongo: nguo kadhaa kwa kila himaya, baada ya mazungumzo yaliyoweza kuchukua siku nzima au zaidi, huku msafara umekaa chini ya mbuyu ukila akiba yake. Wazungu waliopita waliandika kwa hasira kuhusu hongo. Neno lenyewe leo maana yake ni rushwa.

Nimelifikiria sana badiliko hilo la maana. Asilimia 5 ya Sultani imebaki kuitwa ushuru, na hakuna anayeionea haya. Tozo ya mtemi, aliyelinda visima vyake na mashamba ya watu wake, imeishia kuwa jina la uovu. Sidhani tofauti ilikuwa katika haki. Naona ilikuwa katika nani aliyekuwa na kalamu, na mwenye kalamu alikuwa mlipaji.

Unyanyembe mambo yalikuwa makali zaidi. Mtemi Fundikira aliwaacha Waarabu wakae Tabora na kufanya biashara kwa raha. Aliyemfuata, Mnywa Sere, alitaka bidhaa zao zilipe ushuru kama mali nyingine zipitazo nchini mwake. Wafanyabiashara wakamwondoa kwa silaha mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakamsimika Mkasiwa. Halafu akaja Mirambo wa Urambo. Kuanzia 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya kwenda Ujiji, na habari ya vita vyake ilifika kwenye bei ya pembe Unguja. Mirambo alitaka kile ambacho Seyyid Said alikuwa nacho tayari, yaani mlango wenye jina lake.

Lipo jambo lingine lililoibeba biashara hii, na halionekani kwenye ramani ya misafara: deni. Msafara wa kwenda Manyema, mashariki ya Kongo, ungeweza kukaa miaka. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, alipewa mali kwa mkopo na Taria Topan, Mhindi Mwislamu wa jamii ya Khoja aliyekuja kuishika forodha mwaka 1876. Tajiri wa Unguja anamkopesha mtu nguo na baruti, mtu anatokomea Kongo, na hakuna kadhi wala balozi ambaye mkono wake unafika Kasongo. Kitu gani kinamhakikishia kwamba atalipwa? Shamba la karafuu na nyumba, ambavyo haviwezi kutorokea bara.

Hapo sheria ya Kiislamu iliingia kwa namna ya kuvutia. Riba ni haramu, na kadhi asingeiandika. Kwa hiyo watu walitumia bei ya khiyari. Chukua mfano wa mwenye shamba anayehitaji riyali 1,000. Anakwenda na tajiri mbele ya mwandishi, wanaandika waraka kwamba amemuuzia tajiri shamba lake kwa riyali 1,000, kwa khiyari ya miaka miwili: akirudisha fedha ndani ya muda huo, shamba linarudi kwake. Hapohapo anaandikwa kuwa mpangaji wa shamba alilouza, na kila mwaka atalipa kodi ya, tuseme, riyali 100. Tajiri haonekani shambani. Mwenye shamba anaendelea kuchuma karafuu zake kama jana. Lakini ile kodi ya pango ndiyo faida ya mkopo, na muda ukipita bila kulipa, mauzo yanakuwa mauzo kweli. Kila neno katika waraka ule lilikuwa halali peke yake.

Mizani ikazidi kuelemea upande mmoja kwa sababu ya mahakama. Wahindi wengi walihesabiwa raia wa himaya ya Uingereza, na kesi zao zilikwenda kwa balozi wa Kiingereza, wakati Mwarabu na Mswahili walikuwa chini ya kadhi na Sultani. Mnamo 1860 balozi Rigby aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, maelfu kadhaa. Lilikuwa jambo la haki, na lilibadili pia hesabu za biashara: Mhindi asiyeweza kumiliki watumwa wa kulima shamba alipata sababu moja zaidi ya kubaki upande wa fedha na hati. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, Sultani Seyyid Barghash akiwa amebanwa na manowari za Kiingereza.

Mwaka 1888 forodha ya Mrima ilimfikia mkodi mwingine kabisa. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya kusini, pamoja na ushuru wake, kwa kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki. Kwenye karatasi ilikuwa kama ilivyokuwa kwa Jairam: mkodi anakusanya, Sultani analipwa. Ila Jairam hakuwahi kupandisha bendera yake. Mwezi wa Agosti Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni, aliitaka bendera ya kampuni ipepee Pangani, akamdhalilisha Liwali aliyekataa, na watu wake wakaingia msikitini na viatu na mbwa. Wenye misafara, majumbe waliozoea kupata ada zao, na wadaiwa walioona forodha mpya itawamaliza, wote walikuwa na sababu. Abushiri bin Salim aliongoza vita Pangani, Bwana Heri akapigana Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka uliofuata Ujerumani iliinunua pwani kwa marki milioni 4. Vitabu vyetu huviita vita vya kupinga ukoloni, na ni kweli. Ila moto uliwashiwa kwenye mlango wa forodha.

Serikali za kikoloni zilizofuata zilipanga upya nani akutane na nani, mara nyingi kwa lugha ya kulinda. Tanganyika ilipata sheria ya mikopo mwaka 1923: asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika asingeweza kumdai mahakamani bila idhini ya serikali. Nia iliyotajwa ilikuwa kumwepusha Mwafrika na madeni. Matokeo yake ni kwamba muuza jumla hakuwa na sababu ya kumpa mali kauli mwenye duka wa Kiafrika, na huyo akanunua kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, akishindana na jirani aliyejaziwa rafu kwa mkopo.

Unguja na Pemba, wenye mashamba walikuwa wamezama katika madeni, mengi yakiwa yametokana na hati za aina ile niliyoeleza. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria za kuzuia ardhi isiwahamie wadai, ikakipa na nguvu ya kisheria chama cha wakulima wa karafuu. Mwaka 1937 chama hicho kikapewa haki ya peke yake ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Wahindi, ambao wakubwa wao walikuwa wameikalia forodha kwa miongo mingi ya karne ya kumi na tisa, wakajikuta nje ya mlango. Waligoma, na India, mnunuzi mkubwa, ikagoma pamoja nao mpaka suluhu ya 1938.

Mlango huo haukufunguliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Shirika la serikali liliendelea kuwa mnunuzi pekee, na katika miaka ambayo bei yake ilikuwa chini sana ya ile ya Mombasa, Pemba ilijua neno magendo kuliko neno soko. Gunia lilikaushwa mkekani, likafichwa usiku, likavushwa kwa dau kuelekea Shimoni na Vanga, askari wa doria wakilitafuta mikokoni. Serikali ilipopandisha sana bei ya mkulima mwaka 2011, madau mengi yalibaki ufukweni bila kukimbizwa na mtu.